Tumbo la Ukuta

Usiku wa tarehe kumi na tisa Oktoba
ukuta wa tatu kutoka juu
ulipasuka tumbo.
Hatukusikia kishindo, mvua ilikuwa na kelele zake.
Asubuhi mizeituni miwili imelala kifudifudi, mizizi nje,
kama watu waliosukumwa kitandani,
na udongo mwekundu wa babu zangu
umekaa katikati ya barabara ya Banyalbufar
ukisubiri katapila la halmashauri.

Aloma alikuja Jumatatu na nyundo mbili,
mtaimbo, uzi, na mkate uliopakwa nyanya.
Ana miaka thelathini na moja. Hakutoa pole.
Alitembea juu ya kifusi kama mtu aliyepoteza funguo,
akaokota kipande bapa, kijivu, laini upande mmoja:
"Nani alipiga saruji?"

Baba.
Mwaka wa sabini na nane, mifuko kumi na mmoja,
ikapandishwa na nyumbu wa Tòfol, yule chongo.
Mimi nilishika ndoo. Nilikuwa na miaka saba
na nilidhani tunaupaka ukuta poda.
Baba hakuvumilia mianya: mijusi, konokono,
magugu yanayochomoza kichwa bila kubisha hodi.
Alipita na kidole gumba, mstari kwa mstari.

Aliziba ufa.
Na sasa tunajenga ukuta.

"Huu haushikwi na kitu," anasema Aloma, mgongo kwangu.
"Una uzito tu. Mlima unasukuma, wenyewe unakaa.
Hiyo ndiyo kazi yake yote, kukaa.
Lakini maji, ukiyafungia njia, hayarudi yalikotoka.
Yanapanda. Yanakuwa mlima wa pili
nyuma ya ule wa kwanza."

Baba alikufa Machi, hospitali ya Palma,
mapafu yamejaa maji.
Sikumwambia Aloma. Nilimpa chupa ya kahawa.

Tulichimba hadi mwamba ukagonga mtaimbo.
Yale makubwa chini, yanayohitaji watu wawili na matusi.
Jiwe halilazwi lionyeshe urefu wake barabarani,
huo ni ujenzi wa kujionyesha;
mkia uzame ndani ya mlima, uso ubaki mdogo.
Na kila mita moja kwenda juu
ukuta unarudi nyuma upana wa kiganja,
kama anayesikiliza kitu asichokiamini.
Kazi yangu ilikuwa mgongoni:
vijiwe vya kujazia, vya ngumi, vya nusu ngumi,
vinavyopangwa kwa mkono, kimoja kimoja.
Nilipovimwaga kwa ndoo, Aloma alivitoa vyote
bila neno, akanirudishia ndoo.

Wiki ya pili kucha mbili zilikuwa nyeusi.
Wiki ya tatu nilipata kipande cha saruji
chenye shimo dogo, la duara,
na mistari ndani yake, myembamba, ya ngozi.
Nikaingiza gumba langu. Halikuenea.
"Hilo si jiwe," alisema Aloma.
"Najua."
Alitazama uzi wake. Alitazama mawingu upande wa bahari.
"Basi liweke nyuma. Pembeni liache nafasi."

Anadai kwa mita ya mraba. Ilikuwa ishirini na mbili na nusu;
nusu hakuihesabu.

Mvua ya Novemba ilinyesha siku mbili.
Siku ya pili nilisimama chini ya ukuta na mwavuli wa mama
nikaona ukilowa kutoka ndani,
mwanzo tope, kisha maji ya rangi ya chai,
kisha maji,
katika kila kiungo, polepole, bila aibu.
Konokono mmoja alikuwa ameshahamia.

Mjukuu wa Tòfol akapita na pikipiki,
akapunguza mwendo, akainua kofia:
"Mama, ukuta wako unavuja!"

Nikamwambia ndiyo.